Kiapo cha maseneta katika kesi ya Trump

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo lililonikaa kooni tangu Jumamosi, Februari 13, 2021, Seneti ya Marekani ilipomaliza kesi ya Donald Trump, aliyekuwa ametoka madarakani mwezi uliotangulia, na aliyeshtakiwa kwa kuchochea ghasia za wafuasi wake waliovamia jengo la Bunge Januari 6. Naandika kwa kalamu, nimevaa koti ndani ya nyumba, maana hapa Houston umeme umetukatikia tangu alfajiri ya Jumatatu. Mtaani kwetu sasa mazungumzo ni mabomba yaliyoganda, na nachelea kesi ile itasahaulika kabla barafu haijayeyuka.

Kura zilikuwa 57 za kumtia hatiani na 43 za kumwachia. Katiba inataka theluthi mbili, yaani kura 67 maseneta wote wakiwapo, kwa hiyo akaachiwa. Sina ugomvi na theluthi mbili. Bila kizingiti hicho, kila chama chenye wingi mdogo kingemfukuza rais wa chama kingine kikijisikia. Andrew Johnson alipona mwaka 1868 kwa kura moja tu, na nchi ikaendelea. Ugomvi wangu uko kwenye kiapo.

Januari 26 maseneta waliapa kwamba katika kila jambo la kesi hiyo watatenda haki bila upendeleo, kwa kufuata Katiba na sheria, Mungu awasaidie. Kisha wakatia saini kitabuni. Hiki si kiapo kile wanachokula wakiingia Seneti. Ni cha kesi peke yake, na walioiandika Katiba walikiweka makusudi, kwa kuwa walijua wanasiasa ni watu wa vyama na walitaka kwa siku chache wavue makoti ya vyama vyao.

Kiapo cha namna hiyo nakijua kwa kukila. Miaka michache iliyopita, baada ya kupata uraia, niliitwa kuhudumu kama mzee wa baraza katika mahakama moja ya hapa. Wasomaji wa Tanzania wanawafahamu wazee wa baraza wanaokaa na jaji wa Mahakama Kuu na kumpa maoni. Huku wananchi 12 ndio wanaoamua wenyewe, na wakisema mshtakiwa hana hatia, jaji hana la kuongeza. Kesi yetu ilikuwa ndogo, wizi wa vifaa vya gereji. Kabla hatujachaguliwa tuliulizwa kama kuna anayemfahamu yeyote katika shauri lile. Bwana mmoja aliyekaa nyuma yangu akanyoosha mkono, akasema yeye hununua matairi kwa kaka yake mshtakiwa. Matairi tu. Jaji akamshukuru kwa kusema kweli, akamruhusu aende zake.

Tuliobaki tukaonywa tusizungumze na wakili yeyote, hata salamu. Siku ya pili nikajikuta kwenye lifti na wakili wa utetezi, sisi wawili peke yetu. Nimelelewa nikijua kwamba kumpita mtu bila kumsalimu ni kukosa adabu. Nikakodolea macho namba za ghorofa, yeye akatazama viatu vyake, mpaka mlango ulipofunguka. Iliniuma, lakini nilielewa. Yule mwenye gereji angetukuta tukicheka mle ndani, asingeiamini tena kura yangu, hata kama tulikuwa tunaongelea mvua. Kwa siku ile ya kwanza mahakamani nililipwa dola 6.

Sasa, mhariri, tazama yaliyotokea Alhamisi, Februari 11. Wabunge walioendesha mashtaka walikuwa wamemaliza upande wao, na utetezi ungeanza kesho yake. Maseneta watatu, Ted Cruz, Lindsey Graham na Mike Lee, wakaenda kukutana faraghani na mawakili wa Trump. Hawakujificha, waandishi wa habari waliwaona. Mmoja wa mawakili hao, David Schoen, alieleza kwamba walizungumzia taratibu tu, si kesi yenyewe.

Cruz ni seneta wangu, anawakilisha Texas. Januari 6, Bunge lilipokutana kuthibitisha kura za urais, ni yeye aliyesimama upande wa Seneti kuunga mkono pingamizi dhidi ya kura za Arizona. Maseneta walikuwa bado wanajadili pingamizi hilo hilo umati ulipovunja madirisha na kuingia jengoni. Mteja wa matairi alirudishwa nyumbani kwa sababu ya kaka wa mshtakiwa. Mtu aliyelibeba jambo lenyewe linaloshtakiwa alikaa kwenye kiti, akazungumza faraghani na mawakili wa upande mmoja, kisha akapiga kura.

Najua watakaonijibu kwamba seneta si mzee wa baraza. Wana hoja. Mwaka 1999, katika kesi ya Bill Clinton, Seneta Tom Harkin alipinga maseneta kuitwa hivyo, na Jaji Mkuu William Rehnquist, aliyekuwa akiendesha kesi, akamkubalia kwamba Seneti ni zaidi ya hapo, ni mahakama yenyewe. Sawa. Basi seneta ni mtu mkubwa kuliko mimi niliyekuwa kwenye lifti, na haki anayodaiwa ni kubwa kuliko yangu. Jaji gani angeketi faraghani na wakili wa upande mmoja kesi ikiendelea, kisha arudi kwenye kiti chake?

Haki hiyo hiyo inanilazimu niseme na ya upande ninaoupigia kura. Bunge la Wawakilishi lilimshtaki Trump Januari 13, wiki moja tu baada ya ghasia, kwa kura 232 dhidi ya 197, bila kamati kukaa na kuhoji mashahidi. Mawakili wake walilalamikia haraka hiyo, na lalamiko lao lilikuwa na uzito. Kisha, kwa kuwa mshtakiwa hakuwa tena madarakani, Jaji Mkuu John Roberts hakuendesha kesi. Aliyekalia kiti ni Patrick Leahy, seneta wa chama cha Democratic, ambaye mwishoni alipiga kura pamoja na wenzake. Simtuhumu mzee huyo kwa lolote, aliendesha shughuli kwa utulivu. Lakini refa anayevaa jezi ya timu moja hata akipuliza filimbi vizuri, upande wa pili hautamwamini.

Kasoro hizo zote zingeweza kutibiwa na mashahidi. Jumamosi asubuhi Seneti ilikubali, kwa kura 55 dhidi ya 45, kwamba waitwe. Nilikuwa jikoni, nikaacha chai ichemke mpaka ikamwagika, nikajua sasa tutasikia. Mbunge Jaime Herrera Beutler, wa chama cha Trump mwenyewe, alikuwa ameeleza yale aliyoambiwa na kiongozi wao bungeni, Kevin McCarthy, kuhusu simu aliyompigia rais siku ile kuomba msaada: kwamba rais alimjibu kuwa watu wale wameumizwa na matokeo ya uchaguzi kuliko yeye McCarthy. Hayo ni maneno ya kuulizwa mtu akiwa amekula kiapo, aulizwe na pande zote mbili. Ndani ya saa chache pande mbili zikapatana maelezo yake yasomwe tu na kuingizwa kwenye kumbukumbu. Alasiri hukumu ikatoka. Kesi nzima ilichukua siku tano. Wenye mashtaka ndio walioshinda kura ya asubuhi, na ndio waliouacha ushindi wao mezani.

Kuhusu hoja kwamba rais aliyeondoka hashtakiwi, sitakaa sana. Mwaka 1876 Waziri wa Vita, William Belknap, alijiuzulu asubuhi Bunge likiwa linajiandaa kumshtaki kwa rushwa, na Seneti ikaamua kwa kura 37 dhidi ya 29 kwamba bado inaweza kumsikiliza. Februari 9, 2021, Seneti iliamua vivyo hivyo kwa kura 56 dhidi ya 44. Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Seneti Trump aliposhtakiwa akiwa bado Ikulu, alikataa kuirudisha Seneti kazini mapema. Baada ya kumpigia kura ya kumwachia, alisimama akasema Trump anabeba dhamana ya yaliyotokea, kwa vitendo na kimaadili, ila muda wa kumhukumu umepita. Muda huo yeye mwenyewe aliukalia.

Mtu aliyenipa moyo katika wiki ile ni Seneta Bill Cassidy wa Louisiana, daktari kwa taaluma na Mrepublikan. Januari 26 alipiga kura pamoja na waliosema kesi ni kinyume cha Katiba. Februari 9 akawasikiliza mawakili wa pande zote, akaona upande wa Trump haukujibu hoja, akabadili kura. Februari 13 akamtia hatiani. Chama chake Louisiana kilitoa azimio la kumlaani siku hiyo hiyo. Nisieleweke vibaya: simsifu kwa kuwa alifika nilipofika mimi. Angesikiliza kisha akabaki na msimamo wake wa awali, ningemheshimu vilevile, maana angekuwa amesikiliza. Wangapi kati ya wale 43 walisikiliza? Na wangapi kati ya wale 57? Sote tuliweza kutaja kura za maseneta karibu wote kabla ya siku ya kwanza.

Februari 10 walionyeshwa picha za kamera za ulinzi. Seneta Mitt Romney anaonekana akitembea ukumbini peke yake, hana habari. Askari Eugene Goodman anakuja mbio kutoka mbele, anamwashiria ageuke. Romney anageuka na kukimbia. Watu waliokuwa wakiitazama picha hiyo walikuwa ndani ya jengo lile lile siku ile, nao walikimbizwa. Ni vigumu kuwa mwathirika, shahidi na mwamuzi kwa wakati mmoja, na ndiyo sababu taratibu zao zinahitaji kukazwa. Seneti inaweza kuzibadili kanuni zake za kesi hizi yenyewe: anayeendesha asiwe mpiga kura, mashahidi wakiombwa na upande wowote wasikilizwe ana kwa ana, na seneta atakayekutana na mawakili wa upande mmoja kesi ikiendelea aandike walichozungumza, maandishi yasomwe hadharani kabla hajapiga kura.

Haya nimeyaandika pia kwa Kiingereza katika barua nitakayompelekea Seneta Cruz posta ikifunguliwa. Nimemuuliza swali moja: siku ile ya Alhamisi, mlipokuwa na mawakili wa mshtakiwa, mlizungumza nini?

Msomaji wako,
Houston, Texas