YAH: KUTANGAZWA TAPELI MSIBANI KWA DENI NILILOKWISHA LIPA

Kwa Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya mkopo mliyaandika wenyewe, sina haja ya kuwakumbusha. Nilikopa shilingi 80,000 kwenye programu yenu ya mikopo ya simu, nikarejesha 104,000 jioni ya siku ya mwisho. Meseji ya muamala nimeiambatanisha.

Asubuhi yake nilikuwa Kihonda, kwenye msiba wa mjomba wangu, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu. Simu ya shangazi ikaita mlio wa meseji. Ikafuata ya jirani, kisha ya mwenyekiti wa kikoba chetu. Mama mkwe akasoma ya kwake, akaninyooshea simu bila kusema neno. Ilikuwa picha yangu, ile mliyonitaka nijipige nimeshika kitambulisho cha NIDA, na chini yake: "Huyu ni tapeli. Amekuweka wewe kuwa mdhamini wake. Mwambie alipe."

Sikumweka mtu yeyote kuwa mdhamini. Namba zile mlizichota kwenye simu yangu.

Nilitoka nyuma ya nyumba nikaandika huduma kwa wateja. Nikajibiwa na mashine: "Ndugu mteja, mfumo umebaini hujalipa." Nikatuma muamala. Ikajibu vilevile. Nikaandika, nataka kuongea na mtu. Ikajibu kwamba alama zangu za uaminifu zimeshuka. Na kwenye matangazo yenu mnajisifu kuwa akili mnemba ndiyo inayopima wateja! Basi niambieni, ni nani pale ofisini aliyeiruhusu iwaandikie watu kwamba mimi ni tapeli? Mfumo haukujisuka wenyewe.

Siku mbili baadaye mashine hiyohiyo ikaniletea meseji: "Hongera, umemaliza deni, unaweza kukopa 120,000." Hakuna pole. Hakuna samahani.

Narudi msibani, kwa sababu nadhani hamjanielewa. Maiti ilikuwa bado ndani. Mama mkwe alinipa ile simu kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kichafu. Mwenyekiti wa kikoba aliutazama mkoba wangu, maana mimi ndiye mmoja wa washika funguo za sanduku letu, mwaka wa nne sasa, na haijawahi kupungua hata mia. Jumamosi iliyofuata niliombwa nikabidhi ufunguo, "kwa muda tu, dada." Nimeukabidhi. Mimi ni fundi cherehani. Watu huniachia vitambaa na fedha ya awali kwa kuniamini tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 mnaijua, na kama hamuijui hamstahili kushika taarifa za mtu. Kifungu cha 36 kinanipa haki ya kukataa uamuzi mzito juu yangu ufanywe na mashine peke yake. Kwa hiyo nataka binadamu, mwenye jina na cheo, apitie upya uamuzi ule na kuniandikia ulifanywaje. Nataka namba zote mlizochota zifutwe, pamoja na picha yangu. Na kila aliyepokea meseji ile apokee nyingine kutoka kwenu ikisema mlikosea, kwa maneno hayohayo ya wazi, si "hitilafu ya kimtandao."

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuishia hapo. Lakini ufunguo wa kikoba hauwezi kurudishwa na meseji, kwa hiyo nadai pia fidia, na barua ya kuomba radhi yenye mhuri, nitakayoisoma mbele ya wanakikoba wote.

Nilikuwa niwape siku saba kabla ya kwenda mbele. Siwapi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila kibali, na nitaiuliza kama kibali chenu kinawaruhusu kufanya mliyonifanyia. Mkinyamaza, tutaonana mahakamani, na mama mkwe amekubali kuwa shahidi. Meseji bado anayo kwenye simu yake.

Wenu,
Mteja wenu wa zamani,
Morogoro.

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Dodoma.
Nakala: Gavana, Benki Kuu ya Tanzania.