Uhalifu hauko katika damu ya vijana wetu wa mwaloni

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka kumi na tisa bila kukuandikia hata mstari mmoja, lakini ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu uhalifu katika kata za kando ya ziwa hapa Kigoma imenishinda kuvumilia. Mwandishi wenu ameiita kata yetu kiota cha wahuni, akahitimisha kwamba vijana wa huku mwaloni, mitumbwi inapopakulia samaki, wana uhalifu katika damu. Nilifanya kazi ya ustawi wa jamii hadi nilipostaafu, na chuoni tulianza kwa kufundishwa kuachana na fikra hiyo hiyo.

Cesare Lombroso, daktari wa Italia, ndiye aliyedai mwaka 1876 kwamba wako watu wanaozaliwa wahalifu, na kwamba hutambulika kwa taya na paji la uso. Wanasosholojia walikwenda kutazama mahali watu wanapoishi. Clifford Shaw na Henry McKay, katika kitabu chao cha mwaka 1942 kuhusu vijana wa Chicago, walionyesha kwamba vitongoji vile vile viliongoza kwa makosa miaka nenda miaka rudi, ingawa wakazi wa mwanzo walikwisha kuhama na watu wa asili nyingine kabisa wakaingia. Uhalifu ungekuwa katika damu, ungehama na wenye damu. Uliobaki pale ni umaskini, na majirani wasiojuana kiasi cha kumkanya mtoto wa mwenzao.

Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, alikwisha kuandika mwaka 1938 kwamba jamii ikimhimiza kila mtu apate mali huku njia za halali zikiwa finyu, baadhi watatafuta njia nyingine. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Sipingi kufungwa kwake, lakini mwandishi anayewahesabu vijana vijiweni bila kuuliza wabeba mizigo wa mialo yetu walikula nini miezi ile mitatu, hajachunguza kitu.

Mpwa wangu ana miaka ishirini na hubeba dagaa. Dagaa huvuliwa usiku, hasa siku za giza, mwezi usipoonekana, kwa hiyo mbebaji asiyefika mwaloni mapema hapati zamu. Mwaka jana ulipita msako, akachukuliwa saa kumi alfajiri akiwa amekalia karai lake lililofudikizwa, anasubiri mitumbwi. Mfukoni alikuwa na ngata ya kuwekea mzigo kichwani, aliyoikata kwenye kanga kuukuu ya mama yake, bado ina magamba ya dagaa yaliyokaukia. Waliomkamata wakasema ni kitambaa cha kuficha uso. Aliambiwa kosa lake ni uzururaji, akalala mahabusu siku mbili, akaachiwa bila kufikishwa mahakamani. Mwanasosholojia Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba mkiukaji wa kanuni za jamii ni yule ambaye jamii imefaulu kumbandika jina hilo. Sentensi ile niliikariri kwa ajili ya mtihani. Niliielewa siku nilipomwona tajiri aliyekuwa akimpa mpwa wangu mzigo kila asubuhi akimwambia asogee mbali na mtumbwi, na jirani aliyemwona akikua akiingiza ndoo ndani kijana alipopita. Leo wanaomkaribisha bila wasiwasi ni wale waliowahi kufungwa. Edwin Lemert alieleza mwaka 1951 jinsi mtu anavyoweza kuanza kuishi kulingana na jina alilopewa, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Kisha kuna picha zenu. Watuhumiwa maskini mnawaketisha ukurasa wa mbele wakiwa chini, miguu mitupu, wakati Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Anayetuhumiwa kwa fedha za umma mnaandika kwamba anahusishwa na upotevu, na picha yake hatuioni. Edwin Sutherland aliwaambia wanasosholojia wenzake mwaka 1939 kwamba wameacha kuhesabu makosa ya wenye vyeo na hadhi, ndiyo maana wakadhani uhalifu ni mali ya maskini. Gazeti lenu linalirudia kosa hilo kila wiki.

Naomba mambo mawili. Kila mliyemchapa picha akaachiwa, kuachiwa kwake kuchapwe ukurasa ule ule kwa herufi za ukubwa ule ule. La pili, mwandishi wenu aje mwaloni siku saba mfululizo za giza, aache kamera nyumbani, aandike katika daftari kila kijana aliyepo, anamsubiri nani, amebeba nini na amelipwa shilingi ngapi. Nitampokea mwenyewe na chai nitamnunulia. Awe amefika saa kumi alfajiri, kwa sababu mitumbwi ikishapakuliwa vijana wale hutawanyika.

Mstaafu wa ustawi wa jamii,
Ujiji, Kigoma