Kichupa cha maji kilitoa nini?

Mhariri,

Jumapili mliandika kwamba bakteria wamekutwa ndani ya kila aina ya saratani, na kwamba karibuni tone la damu litatosha kuutambua ugonjwa. Jumatatu alfajiri jirani yangu alikuwa mlangoni, gazeti mkononi, anaulizia Flagyl za "kusafisha tumbo".

Nimefanya kazi ya maabara miaka 31. Siku moja tulikuwa tunapima DNA ya vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Kichupa cha mwisho huwa tunakitia maji matupu, makusudi, maana hakitakiwi kusoma chochote. Siku hiyo nacho kikasoma kina vimelea! Kazi ya siku mbili ikaenda jalalani. Uchafu ulikuwa kwenye vitendanishi vyenyewe, yaani kemikali za kupimia.

Utafiti wenu ule ulitoka mwaka 2020 katika jarida la Nature, ukigusa aina 33 za saratani. Jarida hilohilo liliufuta mwaka 2024. Watafiti wengine, akina Abraham Gihawi na Steven Salzberg, walipozirudia hesabu zake walikuta vipande vya DNA ya binadamu vimehesabiwa kuwa vya bakteria. Saratani moja ya tezi zilizo juu ya figo kompyuta iliitambua kwa kirusi cha kamba. Kamba hawahawa tunaowala na wali wa nazi hapa Tanga.

Sisemi vijidudu havina lao. Fusobacterium, mkazi wa mdomoni, alionekana kwenye uvimbe wa utumbo mpana na timu mbili, ya Kanada na ya Marekani, mwaka 2011, na wengine wengi wamemkuta baada yao, hata kumwotesha maabara. Mwaka 2017 huko Boston, panya waliopandikizwa uvimbe wenye bakteria huyo walipewa metronidazole, ambayo ndiyo Flagyl, na uvimbe ukapunguza kasi ya kukua. Panya, Mhariri.

Mkiandika tena habari za namna hii, muulizeni mtafiti kichupa chake cha maji kilitoa nini. Akibabaika, subirini kidogo kuchapisha.

Jirani nilimkalisha, nikampa chai, nikamuuliza tumbo lina nini hasa. Akazungukazunguka, mwisho akasema anaona damu chooni tangu Ramadhani. Alhamisi nampeleka hospitali wakamwangalie utumbo kwa kamera. Flagyl sikumpa.

Fundi sanifu maabara mstaafu,
Tanga