Shosti, usizikate bado

Shosti wangu mpenzi,

Barua yako nimeipata juzi usiku nikaisoma mara mbili, ya pili nikiwa tayari kitandani na kofia yangu ya satini kichwani, na pale uliposema umekaa chini bafuni umeshika tonge la nywele mkononi unalia nikashindwa kulala. Kwa hiyo nakujibu kirefu, nivumilie.

Kwanza hilo tonge. Mtu mzima mwenye afya yake anadondosha nywele kama 50 mpaka 100 kwa siku, ndo kawaida ya kichwa. Mwenye singa zake zinaanguka mabegani na sakafuni wala hazihesabu, ila zetu zikishajitoa kwenye ngozi zinabaki zimenaswa humo humo ndani ya wenzake mpaka siku utakayochambua. Wewe umesema hujachana siku 8. Hizo ni nywele 400 mpaka 800 ambazo zilishatoka siku nyingi, wewe ulizitoa tu zote kwa mpigo. Chukua chache uziweke juu ya karatasi uangalie: ukiona mwishoni kuna kidoti cheupe, huo unywele umemaliza mda wake, uache uende. Ukiona kipande kifupi hakina kidoti kokote, hicho kimekatika. Na kwa sababu uliandika kwamba sinki lilijaa vipande vifupi vifupi, naona vyote viwili vinatokea kwako, na hicho cha pili ndo kinachonifanya nisikubali uchukue mkasi wala urudie dawa ya kunyoosha nywele kabla hujajaribu ninachotaka kukwambia.

Ratiba yako uliyoniandikia, mafuta asubuhi, mafuta jioni, siagi ya shea juu yake, shampuu mara moja kwa mwezi kwa sababu ulisikia shampuu inakausha, yaani hiyo ilikuwa ratiba yangu kabisa. Na nywele zangu zilikuwa zinang'aa kwa juu lakini ukizishika ni kama nyasi kavu, kila nikiona zimekauka naongeza mafuta, zinakauka zaidi, naongeza tena. Nilikuja kuelewa siku kichwa kilipowasha mpaka nikashindwa, nikaosha na shampuu mara mbili mfululizo kwa hasira, mara ya kwanza povu halikutoka kabisa, maji yalikuwa yanateleza juu ya nywele kama juu ya jani la mgomba. Mara ya pili povu likaja, na nilipomwaga maji nikahisi nywele zinakuwa nzito, zinayanywa. Nilikuwa sijawahi kuhisi hivo. Zilipokauka zilijikunja zenyewe vizuri, tena kila mkunjo unaonekana, na sikuwa nimepaka kitu zaidi ya kondishona.

Shosti, mafuta si maji. Hicho ndo kitu nataka ukishike kwenye barua nzima. Unywele unalainika kwa maji, mafuta kazi yake ni kupunguza kasi ya hayo maji kutoka na kufanya nywele ziteleze zisikwaruzane. Sasa ukipaka mafuta juu ya nywele kavu unakuwa umefunika ukavu, na ukipaka kila siku mwezi mzima bila kuosha unajenga tabaka ambalo hata ukipita chini ya maji hayaingii sawasawa. Sisi wenye kipilipili na mikunjo tuna sababu ya kukauka haraka, mafuta ya asili yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yanateremka kirahisi kwenye unywele ulionyooka, kwenye wetu kila kona inayazuia na ncha hazipati kitu. Kwa hiyo ni kweli tunahitaji msaada, ila msaada uanze na maji.

Basi badili hivi. Osha kila wiki, siku yako moja isiyo na haraka. Sio shampuu kali inayokuacha kichwa kinakwaruza kama sahani, chukua laini, lakini iwe shampuu, na naomba uache kabisa kutumia sabuni ya kipande kichwani. Hiyo pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) inafika 9 au 10, wakati ngozi ya kichwa iko kama 5.5 na nywele zinapenda asidi zaidi ya hapo, ukiziosha na sabuni yale magamba madogo ya nje ya unywele yanafunuka, yanashikana na ya jirani, na hapo ndo mafundo yako yanapozaliwa. Gawanya kichwa mafungu manne, shampuu ipeleke kwenye ngozi kwa ncha za vidole sio kucha, huku kwenye urefu acha povu lipite tu linaposhuka. Sasa hivi mara ya kwanza osha mara mbili ili utoe lile tabaka, baada ya hapo moja inatosha.

Kuchana ndo sehemu ambayo nakusihi ubadilike hata kama mengine yote utayaacha. Uliandika siku ukiamua kuchana unachana asubuhi zikiwa kavu na kitana chembamba kuanzia juu. Ndo zinapokatikia hapo! Chana siku ya kuosha tu, zikiwa zimelowa na zimejaa kondishona mpaka unasikia zinateleza, anza na vidole, ukikuta fundo liachanishe taratibu kutoka pembeni usilivute, alafu chanuo la meno mapana kuanzia ncha kupanda juu, kidogo kidogo. Unywele uliolowa unavutika zaidi na hivo ni rahisi kuujeruhi ukiuvuta kwa nguvu, kinachokulinda ni ule utelezi na subira yako. Mimi fungu moja linanichukua kama dakika kumi na sikimbii. Ukumbuke pia unywele unakua takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo zile ncha zako ambazo ukizivuta zinafika sentimita 30 zina miaka miwili na nusu hapo nje, zimeshaoshwa, zimesukwa, zimevutwa, zimelaliwa. Zishike kama kitu cha zamani unachokipenda.

Ukishasuuza kondishona usikimbilie taulo. Taulo linazikwaruza na kuzivuruga, chukua fulana ya zamani ya pamba uzifinye tu maji yapungue, zibaki zimelowa. Hapo hapo zikiwa zimelowa weka ile kondishona ya kuacha kichwani, kidogo, uisambaze kwa viganja, alafu kama unataka mikunjo ionekane weka jeli juu yake, na kama unapenda mafuta matone machache ya mwisho kwenye ncha. Matone, sio kiganja. Alafu zisuke twisti au ziache, ila usiziguse mpaka zikauke kabisa. Ndani ya unywele kuna viunganishi vidogo vidogo vinavyoachia zikilowa na kushikana upya zikikauka, umbo zitakalokaukia ndo utakalotembea nalo wiki nzima, ukizichezea katikati unapata yale manyoya manyoya uliyoyalalamikia. Jeli ikikauka itakuwa ngumu kama ganda, usiogope, zikikauka kabisa zifinye finye kwa mikono na ganda litalainika.

Mafuta ya nazi uliyoniuliza usiyatupe. Kuna utafiti ulichapishwa 2003 uliolinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na mafuta ya madini, ya nazi peke yake ndo yalipunguza protini inayopotea kwenye unywele wakati wa kuosha, mana yenyewe yanaingia ndani, hayakai juu tu. Kwa hiyo yapake usiku wa kabla ya kuosha, kwenye urefu na ncha, asubuhi unaosha. Ila kwenye ngozi ya kichwa acha kabisa kwa sasa, hasa kwa huo mba uliosema hauishi. Mba mara nyingi unahusiana na fangasi wadogo wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu na chakula chao ni mafuta, sasa wewe unawashwa, unapaka, unawalisha, unawashwa zaidi. Tafuta shampuu ya mba yenye ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, fuata maelekezo yake, iache dakika chache kabla ya kusuuza, na ukiona ngozi ina mabaka, vidonda au sehemu inabaki wazi nenda kwa daktari wa ngozi usisubiri. Hilo silichukulii kirahisi, na pale mbele kwenye nyusi za nywele, yaani zinapoanzia juu ya paji, ulipoandika panapungua tangu ulivyosuka rasta za kubana, fungua hizo rasta wiki hii. Nywele zikivutwa mda mrefu pale pale mizizi inachoka, mwanzoni zinarudi ukiacha kuvuta, ukiendelea inafika mahali hazirudi. Msusi akikwambia maumivu ni kawaida usikubali, mimi nilikubali kwa msusi niliyempenda sana na pembeni ya sikio la kushoto nimesubiri karibu mwaka ndo vinaota.

Sasa kile kipande cha mbele kilichonyooka. Uliniuliza utapaka nini kijikunje tena kama wenzake. Shosti, hicho kimeungua na pasi ya nywele. Maji yanabadilisha umbo kwa mda tu, ukiosha linarudi, ila moto mkali unaharibu protini yenyewe na ikishaharibika hakuna mafuta wala kondishona ya kuirudisha, usimpe mtu hela yako kwa hilo. Kitakachojikunja ni kile kinachoota sasa hivi kutoka kwenye ngozi. Kwa hiyo hapo tu ndo nakuruhusu mkasi, punguza kidogo kidogo kila miezi miwili mitatu, na katikati kizungushie kwenye roli ndogo kikiwa kimelowa ili kifanane na vingine. Na ukija kutumia pasi tena siku ya siku, nywele ziwe zimekauka kabisa, mana maji yakibaki ndani yanageuka mvuke na kupasua unywele kutokea ndani.

Mengine ni ya kurekebisha ukishaona zinavyojibu. Kile kipimo cha kuweka unywele kwenye glasi ya maji uone kama unazama usikisumbukie, unywele ukiwa na mafuta kidogo tu unaelea, haikwambii chochote. Angalia unapooga: kama maji yanakaa juu yake kwa mda kama vishanga na kukauka zinachukua siku nzima, zako ni zile zinazokataa maji, tumia maji ya uvuguvugu na vitu vyepesi, siagi nzito achana nayo. Kama zinalowa mara moja na kukauka mara moja, hapo ndo vitu vizito kidogo vinasaidia. Zikiwa zinavutika kama mpira na hazirudi, zinataka kondishona yenye protini kidogo, zikiwa ngumu na zinakatika kwa kelele ukizikunja, punguza protini. Na kama birika lenu linaota ukoko mweupe ndani, maji yenu yana madini mengi, tafuta shampuu yenye EDTA, kitu kinachonasa hayo madini na kuyatoa, utumie mara moja kwa mwezi, utashangaa.

Ila nakuomba usibadilishe vyote siku moja. Najua utataka. Mimi nilinunua vitu sita kwa mpigo, nywele zikawa nzuri wiki moja zikaharibika wiki ya pili na sikujua nani kafanya nini. Anza na kuosha kila wiki na kuchana kwenye kondishona, hayo mawili tu, wiki nne. Jeli uliyonayo inatosha, kondishona uliyonayo inatosha. Wiki ya kwanza zinaweza kuonekana za ajabu kwa sababu zimezoea kulazwa na mafuta, zitasimama, zitajivuta juu mpaka udhani zimepungua, wala hazijapungua, zimejikunja. Zivute moja uone urefu wake. Usiku kofia ya satini au foronya ya satini, mana ile ya pamba inazikwaruza na kunyonya unyevu wote ulioutafuta mchana.

Na ulichosema kuhusu watu wa ofisini kwenu, kwamba wanauliza lini utazitengeneza, nimekisoma pia, sijakiruka. Kimeniuma. Hizo nywele ulizaliwa nazo, na nakumbuka siku ulipokata zile zenye dawa ulivyokuwa unashika shika kisogo chako unacheka mwenyewe. Wewe uliyekuwa unacheka siku ile ndo namwandikia.

Sasa nifanyie hivi. Jumamosi osha, fanya kama nilivokwambia, alafu zikikauka nipigie picha mbili, ya mbele pale kwenye nyusi na ya kisogo, bila kuzipaka kitu kwa ajili ya uzuri wa picha. Weka tarehe. Baada ya wiki nne nipigie tena pale pale. Na nyuzi zile za kwenye karatasi nihesabie, zenye kidoti ngapi na zisizo na kidoti ngapi, nataka kujua.

Nakupenda, niandikie.

Ni mimi shosti wako.