Bembea la Riyadh na wenzake wasiotajwa

Maskati, Februari 2026

Shoga yangu mpenzi,

Assalam alaikum. Sisi huku wazima, alhamdulillah, na watoto wako skuli, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukaa na kalamu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza jikoni nikicheka peke yangu. Habari za umra umeziuliza kwa pumzi moja, na zote zilizobaki zikawa za mabembea ya Riyadh, kama bustani mpya imefunguliwa kweli na kama mtaweza kupitia huko na watoto mkija umra! Hubadiliki wewe.

Haya, nikujibu unalolitaka. Bustani ya mabembea imefunguliwa kweli, tarehe 31 Disemba 2025, huko Qiddiya, nje ya mji wa Riyadh, kwenye majabali ya Tuwaiq. Wenye jina ni Six Flags, kampuni ya bustani za mabembea ya Wamarekani walioanzia Texas mwaka 1961. Sisi wapenda mabembea wengi hatukuamini mpaka watu walipoingia, kwani hao hao walikuwa wajenge Dubai na mradi ukafutwa 2019. Mtu akishaumwa na nyoka, unajua mwenyewe. Kwa hivyo furaha ya mwanzo haikuwa ya bembea hili wala lile, ilikuwa ya kuona kwamba safari hii kitu kimesimama.

Sasa, unayoyasikia wewe yote ni ya Falcon's Flight, rolakosta ya pale, yaani gari la reli linalopanda na kuporomoka kwa kasi. Kila mtu anaimba hiyo. Na ina haki ya kuimbwa: kwenda juu mita 195, kasi kilomita 250 kwa saa, njia yake mita 4,250. Hapa Maskati mnara mkubwa wa Msikiti wa Sultan Qaboos una mita tisini na kidogo, basi weka mnara juu ya mnara na bado hujafika. Rekodi tatu imezikusanya kwa mkupuo mmoja. Ya urefu wa kwenda juu ilikuwa ya Kingda Ka ya New Jersey, mita 139, ambayo wameibomoa kwa baruti Februari mwaka jana. Ya kasi ilikuwa hapa kwa majirani zetu, Formula Rossa ya Abu Dhabi, kilomita 240 tangu 2010. Ya urefu wa njia waliishika Wajapani kwa Steel Dragon 2000, mita 2,479, na hiyo hawakupitwa kidogo.

Ugomvi wa mashabiki unaanzia hapo. Wako wanaosema jabali limewabeba, maana njia yake inapanda na kushuka jabali la Tuwaiq, kwamba mita zile si za chuma peke yake, ni za mlima, na mlima kauweka Mungu. Mie sioni dosari. Kama una jabali mlangoni ukajenga uwandani, huyo ndiye wa kuchekwa. Wengine wana shaka na faida ya kasi yenyewe, na hao ndio niliokaa nao upande mmoja. Formula Rossa nimeipanda, nawe nilikusimulia: wanakuvisha miwani kwa ajili ya mchanga, unarushwa, na kabla hujamaliza kusema bismillahi sekunde tano hazijatimia na mwendo wote umekwisha kufika. Tamu mno! Lakini baada ya pale unakuwa umekaa tu kwenye kitu kinachokwenda mbio. Ladha ya rolakosta, kwangu mie, ni pale mwili unaponyanyuka kitini na roho ikabaki nyuma, na hilo halihitaji kilomita 250. Linahitaji fundi ajuaye kuchora mgongo wa kilima.

Jambo moja la kuisifu Falcon's Flight, ambalo wasimuliaji wengi wanalipita: inasukumwa kwa sumaku za umeme zilizopangwa njiani, zaidi ya mara moja. Kingda Ka na Formula Rossa zilijengwa kwa mtambo wa mafuta ya mgandamizo unaovuta kamba ya chuma kwa nguvu zote mara moja, na mitambo ile ni ya kuugua ugua. Watu wamesafiri kutoka Ulaya mpaka Marekani wakakuta Kingda Ka imelala. Sumaku haina kamba ya kukatika. Kilichobaki ni upepo, maana hakuna bembea la kimo hicho litakaloachiwa kukimbia siku ya dhoruba ya vumbi, na Riyadh vumbi wanalijua.

Lakini shoga, bustani ina mabembea 28! Na 18 kati ya hayo ni ya familia. Waulize waliokusimulia wakutajie matano, uone. Jina moja limewafunika wote, kama siku ya Idi watoto wanapokimbilia bembea moja tu kiwanjani na mengine yanazunguka matupu. Wakosoaji wanasema orodha ni dhaifu ukiitoa Falcon's Flight. Nimewauliza, mmeisoma?

Chukua Iron Rattler. Gari linapanda, linafika juu, linasimama. Kipande cha reli ulichokalia kinaanza kuinama taratibu, na wewe ndani yake, mpaka uso wako unatazama ardhi moja kwa moja. Unaning'inia hapo. Halafu reli ya juu inashikana na ya chini, kufuli inaachia, na unakwenda. Hakuna mbio za kutisha kabla yake, hakuna kelele, ni kungoja tu. Kwa namna hiyo ya kuinama, hii ndiyo ndefu kwenda juu kuliko zote duniani, imeipita ile mpya waliyofungua mwaka jana Cedar Point, bustani ya mabembea ya Ohio, Marekani. Ningeulizwa nichague moja tu pale, ningechagua hii na wala nisingegeuka kuitazama ile kubwa. Najua utanitukana.

Kuna Colossus, ya mbao, na hapo wakongwe wamepandwa na hasira kidogo. Jina hilo lilikuwa la rolakosta ya mbao ya California iliyofunguliwa 1978 na kufungwa 2014, na mtu aliyeipanda utotoni hapendi kuona jina limepewa mgeni. Iron Rattler vile vile, iko yenye jina hilo Texas tangu 2013, na hazifanani hata kwa sura. Malalamiko haya nayaelewa kuliko yote. Ukijenga mahali papya, tena mahali penye majina mazuri ya Kiarabu ya upepo na mabonde, kwa nini ukaazime jina la mtu? Sirocco Tower angalau wamelipata, jina la upepo wa jangwani. Huo ni mnara wa kudondoshwa, mita 145, na mie huo nimeshamwachia mume wangu.

Sasa yako wewe. Umra ni Makka, na bustani ni Riyadh, na baina yao zipo kilomita zaidi ya 800 kwa barabara. Si kitu cha "kupitia" kama ulivyosema, ni safari nyingine ya ndege. Tiketi ya bustani inaanzia riyali za Saudia 325 kwa mtu mzima na 275 kwa mtoto, basi zidisha kwa kichwa. Na kama unafikiria likizo ya skuli ya Juni au Julai, futa. Mchana wa Riyadh wakati huo unapita digrii 40 bila shida, mabembea makubwa yako nje, na foleni ya bembea maarufu haina huruma. Watu waliokwenda Januari wanasifu bustani, nami nawaamini, ila Januari si Julai.

Rai yangu ni hii. Kama mnakuja kiangazi, malizeni umra yenu kwa utulivu, kisha mje kwangu Maskati, na kutoka hapa tunakwenda Abu Dhabi kwa gari, asubuhi tunatoka na kabla ya alasiri tumefika. Kisiwa cha Yas kina bustani za Ferrari World na Warner Bros. World, zote sehemu kubwa iko ndani, chini ya paa na kiyoyozi, na wadogo wanapata yao. Disney nao walitangaza Mei mwaka jana kwamba watajenga papo hapo Yas, ila hiyo ni ya wajukuu kwa sasa. Riyadh tuiwekee miezi ya baridi, mie na wewe, bila watoto ikiwezekana.

Ukikataa na ukashikilia Riyadh na wote, basi kwanza msimamishe yule mdogo ukutani umpime kwa sentimita, bila viatu, usinipigie hesabu ya macho. Rolakosta kubwa zote zina kipimo cha kimo mlangoni na hakuna wa kumbembeleza. Kisha niandikie kabla ya Ramadhani, na uniambie tarehe mbili tatu mnazoweza, nimwambie mume wangu aombe ruhusa kazini mapema.

Mamako nisalimie sana, na ukipata mtu anayekuja huku, mpe pilipili za kuwasha hasa. Za dukani kwetu ni za rangi tu.

Akupendaye,
Shogayo wa Maskati