Kabla ya kusanifiwa, lugha ilikuwa imeshaandikwa

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyedai kuwa kabla ya Kamati ya Lugha ya 1930, iliyosimamia usanifishaji, Kiswahili kilikuwa lahaja tupu, hakina maandishi ya maana. Ametolea mfano Ulaya. Basi twende hukohuko, Kroatia.

Jiwe la Baška, kisiwani Krk, lilichongwa yapata 1100 kwa herufi za Kiglagoli, alfabeti ya kale ya Waslavi. Linataja ardhi ambayo mfalme Zvonimir alilipatia kanisa. Marko Marulić wa Split alichapishiwa utenzi wake wa Judita mjini Venice 1521. Bartol Kašić akatoa sarufi mjini Roma 1604. Lugha sanifu ilikuwa bado mbali.

Lahaja zao tatu zinaitwa kwa neno la kuuliza "nini": ča, kaj na što. Zote ziliandikiwa vitabu. Belostenec, aliyefariki 1675, alizichanganya katika kamusi moja, iliyochapwa 1740.

Kilichosumbua ni tahajia. Kusini waliiga Waitaliano, kaskazini Wahungaria, hata sauti moja ikawa na sura nyingi. Mwaka 1830 Ljudevit Gaj alipendekeza kila sauti ipewe herufi yake, nyingine zikiwekewa alama juu. Toleo lake la fasihi la 1835 liliitwa "Danicza". Mwaka uliofuata, kwa tahajia mpya, likawa "Danica". Papo hapo akahamia lahaja ya što, yenye wasemaji wengi na fasihi ya Dubrovnik, ingawa yeye ni mtu wa Krapina, wanakosema kaj. Kaj ikasukumwa pembeni, kama ilivyozipata lahaja zetu Kiunguja kilipochaguliwa Mombasa 1928.

Kwetu shida ilikuwa ndugu ya hiyo. Katika hati nyingi za kale za herufi za Kiarabu, "be" moja ilibeba b, p na mb, hivyo pata, bata na mbata huweza kuandikwa sawa. Kasra, alama ya irabu iwekwayo chini ya herufi, ilisimama kwa i na e; dhuma, iwekwayo juu, kwa u na o. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga alitunga tenzi zake kwa herufi hizo, na wasomaji wakatambua neno kwa maana, vina na mizani.

Kwa hiyo anayenakili hati za wazee hapa Tanga asigeuze "mato" kuwa "macho". Kina cha -to kitavunjika, na lahaja ya mtunzi itapotea. Aandike kilichopo, neno sanifu aliweke pambizoni.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga