Anzeni na masjala, kaka

Area D, Dodoma

Kaka,

Habari za Singida? Shemeji na watoto hawajambo? Huku tu wazima, vumbi na upepo tumeshavizoea.

Umeniuliza shirika lenu lichukue SharePoint au Nextcloud, ile mifumo ya kutunza nyaraka za ofisi kwenye kompyuta. Nitakujibu, ila niambie kwanza: yule mama wa masjala mlimwita kikaoni? Kwa ulivyoandika, walikaa mkurugenzi, mhasibu na kijana wa kompyuta. Lakini ni huyo mama anayejua barua ikiingia inapewa namba gani, jalada la mradi linafunguliwa lini na kufungwa lini, na nani haruhusiwi kulishika. Programu yoyote mtakayonunua itawauliza maswali hayohayo, na kijana wa kompyuta hana majibu yake. Mkihamisha vurugu iliyoko kabatini mkaiingiza kwenye kompyuta, itabaki vurugu, tena safari hii mtailipia kila mwezi.

Kwetu tulianza na manunuzi peke yake, na mimi ningewashauri hivyohivyo. Nyaraka za manunuzi zina njia inayojulikana: ombi, nukuu za bei, hati ya agizo, hati ya kupokelea mzigo, ankara, hati ya malipo. Mkaguzi alipokuja, mhasibu wetu akafungua jalada moja, zote zimo kwa mfululizo. Wale wa miradi, waliokuwa wakinung'unika kwamba mfumo unawachelewesha, wakaanza kuulizia zamu yao. Semina zote tulizowapa kabla ya hapo, na posho zake, hazikufua dafu.

Mshindani wenu wa kweli ni WhatsApp. Mkurugenzi anatupia rasimu kwenye grupu, kila mtu anaipakua, kila mtu anairekebisha kivyake, jioni mna "ripoti ya mwisho", "ripoti ya mwisho kabisa" na nyingine isiyo na jina. Kwenye mfumo waraka ni mmoja, mnaurekebisha palepale, na matoleo ya nyuma yanabaki mkitaka kuona nani alifuta nini. Ila bosi lazima akubali kutuma kiungo badala ya faili. Yeye akikataa, afisa wa Manyoni au Iramba atajisumbua kwa lipi? Na majina ya faili yaanze na tarehe, mwaka mbele, kisha mwezi na siku, yatajipanga yenyewe.

Haya, swali lako. SharePoint ipo tangu 2001, ni imara, na mnalipia kwa kichwa kila mwezi, ingawa Microsoft ina nafuu kwa mashirika yasiyo ya kiserikali. Ulizeni kabla ya kulipa bei kamili. Msirundike kila kitu sehemu moja, maana orodha ikipita vitu 5,000 inaanza kusumbua kufunguka na kuchujwa. Na kilichofutwa kinakaa kwenye pipa la taka la mfumo siku 93 tu, kisha kinapotea, kwa hiyo pipa si hifadhi. Nextcloud ni programu huria, mnaiweka kwenye seva yenu wenyewe, yaani kompyuta kuu ya kuhifadhia. Hapo cha bure ni programu. Seva, umeme, nakala rudufu na mtu wa kuihuisha ni gharama zenu. Kwa ofisi yenu ninavyoijua, kijana mmoja ambaye ndiye pia anayetengeneza printa, ningechukua SharePoint.

Ila mna orodha za wakulima wa alizeti, zenye simu na namba za NIDA, za vitambulisho vya taifa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na taarifa hizo zikikaa kwenye seva za nje ya nchi kuna masharti. Jisajilini kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na muulize mapema, kabla ya kusaini chochote na muuzaji.

Ruhusa toeni kwa cheo, msitoe kwa jina la mtu. Afisa akihama, mnamwondoa kwenye kundi na mrithi wake anaingia, basi. Kwetu kulikuwa na mtu aliyeacha kazi zamani bado anasoma mishahara yetu.

Mama akimaliza kuorodhesha majalada, nitumie hiyo orodha kabla hamjamlipa mtu. Nitaipitia wikiendi.

Msalimie shemeji.

Wako,
rafiki yako wa Dodoma